Stabilaiza ya elektroniki kwenye Land Rover Series III: uzoefu wangu na geji ya mafuta

Kama geji ya mafuta ya Land Rover yako ya zamani inasema una robo tangi, halafu gari linakuzimikia barabarani, angalia kwanza geji ya joto iliyo jirani yake kabla hujapeleka hela dukani. Yangu nayo ilikuwa imepanda kuelekea kwenye wekundu, wakati rejeta ni nzima na maji hayachemki. Geji mbili haziharibiki kwa kupatana. Kuna kitu kimoja zinachokichangia, nacho ndicho hiki nilichonunua kipya: stabilaiza.

Gari ni Series III fupi, ile ya inchi 88, yenye tangi chini ya kiti cha dereva. Ndani ya geji zake kuna kibati cha metali mbili kilichozungushiwa waya mwembamba. Umeme ukipita, waya unapata joto, kibati kinajikunja na mshale unasogea. Ndiyo maana mshale wa geji hizi hupanda taratibu kama mzee anayekwea ngazi. Sasa joto hilo linategemea volti, na volti za gari hazitulii: 12 na kitu injini ikiwa imezimwa, 14 hivi inapochaji. Kazi ya stabilaiza ni kuzipa geji wastani wa volti 10 wakati wote. Ile ya asili hufanya hivyo kwa kukata na kurudisha umeme mfululizo, na eathi, yaani njia ya umeme kurudi betrini kupitia bodi ya gari, inaipata kupitia mwili wake wa bati. Kutu ikiingia pale ilipofungwa, eathi inapotea, haikati tena, na volti zote za betri zinamiminikia kwenye geji. Hapo geji zote mbili zinadanganya kwenda juu.

Fundi aliangalia mara moja tu. "Mzee, hiyo ni sensa ya tenki. Leta mpya tumalize." Alimaanisha kile kifaa chenye boya ndani ya tangi kinachoiambia geji mafuta yamefika wapi. Ndilo jibu utakalopewa karibu kila gereji, na simlaumu, maana kwenye magari mengi ndivyo ilivyo. Nikamwambia, "Fundi, tupime kwanza." Tulinyanyua kiti, tukaacha mvuke wa petroli utoke, tukachomoa waya wa kijani wenye mstari mweusi pale kwenye sensa. Swichi ikiwa imewashwa, mshale ukalala kabisa. Tukaugusisha waya ule kwenye bodi, mbali na tangi, mshale ukapanda mpaka mwisho na kupitiliza. Kwa hiyo waya mzima, geji nzima. (Jaribio hili ni la sekunde chache, usiuache waya umeng'ang'ania bodi. Na kama kuna harufu kali ya petroli, usilifanye.) Kisha tukaweka multimita kwenye njia inayotoka kwenye stabilaiza. Ikiwa nzima, namba zinapanda na kushuka kila wakati. Yetu ilisoma volti za betri, zimetulia tuli. Mgonjwa akawa amepatikana.

Nimechagua ya elektroniki badala ya kutafuta ya asili iliyotumika. Bei yake, ukitoa nauli ya mzigo, haifikii bei ya kujaza tangi hilohilo. Kuifunga si kazi: chomoa nguzo ya betri, fungua skrubu za kava ya geji, legeza kebo ya spidomita upate nafasi ya kuingiza mkono, halafu hamisha nyaya. Kinachokula muda ni vidole kukosa pa kupita. Nilikwangua rangi kwa msasa mpaka bati likang'aa, na juu yake nikaongeza waya wa eathi wa peke yake, kwa sababu hata hii mpya ikikosa eathi haifanyi kazi yake. Multimita sasa inasoma 10 na haitikisiki, injini iwe inanguruma au imezimwa. Geji ya joto imerudi katikati. Ya mafuta inakubaliana na kijiti ninachochovya tangini.

Inakubaliana, lakini si kila mahali. Chini ya robo, mshale bado unachezacheza gari likipita kwenye matuta, na hilo, stabilaiza haiwezi kulitibu. Waya wa ndani ya sensa umelika pale mkono wa boya unapopita sana. Sensa nzima ya aina hii inapaswa kusoma ukinzani wa umeme wa zaidi ya omu 200 tangi likiwa tupu na kushuka hadi omu ishirini na kitu likijaa. Yangu inarukaruka huko chini. Kwa hiyo fundi naye alikuwa na nusu ya haki yake, ila kubadili sensa peke yake kusingeondoa uongo wa geji.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu imekuja bila karatasi ya maelekezo, na herufi B, I na E zimeandikwa kidogo mno: B ni umeme unaoingia kutoka kwenye swichi, I ni unaokwenda kwenye geji, E ni eathi. Ukikosea unaweza kuiunguza. Wenye Series II na IIA za mwanzo wawe waangalifu zaidi, maana nyingi ni za eathi chanya na kifaa hiki ni cha eathi hasi. Tazama ni nguzo ipi ya betri iliyofungwa kwenye bodi kabla hujalipa.