Hadubini ya mtumba na slaidi 50: miezi mitano darasani Tukuyu

Niliinunua Machi, kwenye duka la vifaa vya maabara karibu na soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya. Ni hadubini ya macho mawili iliyoingia na kontena la mtumba. Muuzaji alianzia laki nane. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi ni mwalimu, sina hospitali." Tukamalizana kwa laki sita na nusu, nikaongeza laki na ishirini kwa sanduku la slaidi 50 za tishu za binadamu, naye akanipa chupa ndogo ya mafuta ya lenzi bila malipo. Ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Konda wa Coaster alitaka mzigo uende kwenye buti. Nilikataa, nikaupakata kama mtoto mchanga hadi Tukuyu.

Chombo chenyewe ni kizima. Ina lenzi nne, za 4, 10, 40 na 100, na meza inayosogea bila kukwama. Asubuhi za baridi ya Juni kitasa cha kurekebishia picha kinakuwa kigumu, maana grisi ya ndani imezeeka, lakini kikipata joto la mkono kinalainika. Kasoro iko kwenye lenzi ya 40: ina ukungu ndani, mfano wa utando wa buibui, na picha inafifia pembeni. Duka lilipaswa kuniambia. Kwa mvua zetu za Rungwe ukungu huo utaenea usipodhibitiwa, kwa hiyo naihifadhi kwenye kabati lenye balbu ya wati 15 inayowaka usiku kucha. Nilichokipenda zaidi ni kwamba taa yake inachomoka, unaweka kioo mahali pake. Umeme ukikatika tunaisogeza dirishani na somo linaendelea.

Niseme kwa nini najali hivi. Chuoni nilikosoma tulikuwa 60, na hadubini moja iliyokuwa ikifungiwa kabatini. Mwalimu alichora seli ubaoni kwa chaki, sisi tukanakili, kwenye mtihani tukamrudishia mchoro wake. Nililijua neno mitokondria kabla sijaona hata kiini cha seli moja kwa macho yangu. Baadaye nilisoma kwamba vyuo vya Ulaya navyo vilifundisha anatomia namna hiyo kwa muda mrefu: profesa ameketi kwenye kiti cha juu akisoma maandishi ya Galen, tabibu wa Kigiriki wa kale, kinyozi anapasua maiti kule chini, wanafunzi wanatazama kwa mbali. Galen mwenyewe alikuwa amepasua nyani na nguruwe, akaandika kwamba taya la chini la binadamu ni mifupa miwili. Neno lake likasimama zaidi ya miaka 1,300, hadi Vesalius, mwanaanatomia aliyefundisha Padua, Italia, alipoteremka na kushika kisu mwenyewe. Kitabu chake cha mwaka 1543 kilionyesha mfupa mmoja.

Sasa slaidi. Nne zilifika zimepasuka. Zilizobaki zimepakwa rangi vizuri: hematoksilini, inayotoka kwenye mti wa Amerika ya Kati, imevitia viini zambarau, na eosini imeitia saitoplazimu, yaani sehemu inayozunguka kiini, waridi. Ini, figo na ngozi ni safi kabisa. Ya uti wa mgongo imepauka.

Lakini slaidi namba 31 ndiyo iliyonifanya niandike. Lebo yake inasema kongosho. Niliwaeleza wanafunzi habari ya Paul Langerhans, ambaye mwaka 1869, akiwa bado anasomea udaktari Berlin, aliona ndani ya kongosho vikundi vya seli zilizopauka, vimekaa kama visiwa. Hakujua vina kazi gani. Insulini inayotoka humo, homoni ya kudhibiti sukari mwilini, ilipatikana Toronto mwaka 1921. Nikawaambia, haya, vitafuteni visiwa. Wakatafuta nusu saa. Wengi wakasema wameviona, kwa sababu lebo imesema na mwalimu amesema. Binti mmoja wa Busokelo, mpole, hasemi sana, akaniambia, "Madam, mimi sivioni. Naona mirija yenye michirizi tu."

Nikainama kutazama. Nilipitia slaidi nzima kwa lenzi ya 10, kisha ya 40. Binti alikuwa sahihi. Ile ni tezi ya mate, ambayo hufanana na kongosho kiasi cha kumchanganya hata mzoefu, ila haina visiwa, na ina mirija ile aliyoitaja. Nilifurahi mpaka sauti ikanikauka. Nilimwomba aieleze mbele ya wenzake, na kila mmoja akarudi kutazama upya.

Siku hiyo niliwasimulia habari ya Don Fawcett, aliyeongoza idara ya anatomia ya Harvard, akiwa miongoni mwa waliotangulia kuichunguza seli kwa hadubini ya elektroni. Mwaka 1980 aliacha Marekani akaja Nairobi, kwenye maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo, na huko akachunguza tezi za mate za kupe, mahali vimelea vya ndigana kali vinapokomaa. Darasa lilinyamaza. Wengi wao nyumbani wanafuga ng'ombe wa maziwa, na ndigana imewazikisha ndama.

Hadubini naipa nyota nne, sanduku la slaidi nalipa tatu. Ukienda kununua, washa taa, weka slaidi, jaribu lenzi zote kabla hujatoa hela.

Nilimpigia muuzaji kuhusu namba 31. Alikuwa muungwana, akasema niirudishe anibadilishie. Nimemjibu aniagizie ya kongosho, nitailipia. Hii haitoki darasani kwangu.