Matunda Yenye Antioksidanti: Kipi Kitangulie Kapuni

Anayeingia dukani kutafuta beri kwa ajili ya afya hukutana kwanza na bei, kisha na maneno ya kwenye lebo, na mara nyingi maneno hayo ndiyo humsahaulisha bei. Kwa hiyo, kabla sijapanga kipi kinunuliwe kwanza, ni vyema nieleze kipimo nilichotumia. Sikutumia zile tarakimu za ORAC zinazochapishwa kwenye makopo ya unga wa matunda. Tarakimu hizo hupatikana maabara kwa kupima nguvu ya antioksidanti (viambata vinavyosaidia kukinga seli zisiharibike) ndani ya chupa, si ndani ya mwili wa mtu, na Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyokuwa ikitoa jedwali lake, iliiondoa kwenye tovuti yake mwaka 2012 baada ya kuona kampuni zinaitumia kuuzia bidhaa. Katika jedwali hilo karafuu ya unga ilikuwa miongoni mwa vilivyoongoza, jambo ambalo lingewafurahisha wakulima wa Pemba, ila hakuna anayekula gramu 100 za karafuu kwa siku. Mimi nimetazama wingi wa vitamini C na wa anthosianini, yaani ile rangi ya asili nyekundu au ya zambarau iliyo ndani ya tunda, ushahidi uliopatikana kwa watu wenyewe, na iwapo mwenye kipato cha kawaida anaweza kurudi kununua wiki ijayo.

Nafasi ya kwanza naipa rozela kavu, ambayo wengine huiita choya. Kinachouzwa si ua, bali ni yale maganda manene mekundu yanayobaki yakilizunguka tunda baada ya ua kudondoka. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010, watu wazima 65, ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda au imepanda kidogo, walipewa kwa wiki sita ama vikombe vitatu vya rozela kila siku ama kinywaji cha kuigiza. Kwa waliokunywa rozela, namba ya juu ya presha ilishuka kwa takriban 7, na kwa wenzao kwa takriban 1. Ndiyo maana anayemeza dawa za presha hana budi kuzungumza na daktari wake kabla ya kuifanya rozela kinywaji cha kila siku.

Unapoinunua, chota konzi moja kutoka katikati ya gunia, si ile ya juu iliyopangwa kwa ajili ya macho, kisha itazame penye mwanga. Rozela nzuri ina wekundu mzito unaokaribia weusi, hupinda kidogo kama ngozi kabla ya kukatika, na harufu yake ni ya uchachu. Iliyogeuka kahawia imekaa juani au ghalani muda mrefu, na mchanga ukionekana chini ya gunia, ujue ilianikwa ardhini bila turubai. Ya unga siipendekezi. Niliwahi kununua pakiti ya unga wenye wekundu wa kuvutia, nikakoroga kijiko kimoja katika maji, nikamwaga kidogo kwenye sahani nyeupe na kunyunyizia magadi. Anthosianini huwa nyekundu penye uchachu na hugeuka buluu au kijani kilichochuja penye magadi, kwa hiyo rozela halisi ingebadilika papo hapo. Yangu ilibaki nyekundu vilevile hata nilipoongeza magadi mara ya pili. Kipimo hicho kinafaa pia kwa juisi ya rozela inayouzwa kwenye chupa. Nyumbani, iloweke usiku kucha katika maji baridi, au ichemshe kwenye sufuria ya stili na si ya alumini, kwa kuwa uchachu wake huila alumini, na sukari itiwe kwa kijiko, si kwa kikombe.

Mapera yanashika nafasi ya pili, na huenda wengi wakashangaa, kwa kuwa ni tunda ambalo watoto huliangusha kwa mawe bila kulipa senti. Gramu 100 za pera zina takriban miligramu 228 za vitamini C, ilhali chungwa lina takriban 53 kwa uzito huo huo. Chagua linalonukia na linalobonyea kidogo kwa kidole gumba, bila tundu la funza karibu na kikonyo, na ulile pamoja na ganda. Yenye nyama ya waridi yana pia laikopini, ile rangi ya nyanya. Nyanya zenyewe nimeziacha nje ya mpangilio huu kwa sababu zimo katika kila kapu. Itoshe kusema kwamba laikopini yake hufyonzwa vizuri zaidi ikipikwa kwa mafuta, hivyo katika hili mchuzi huishinda kachumbari.

Zambarau ni la tatu kwa sababu moja tu: msimu wake ni mfupi. Tunda lililoipa lugha yetu jina la rangi halihitaji lebo ya kuthibitisha anthosianini, maana ulimi wa mlaji unatosha kuwa ushahidi. Nunua asubuhi, fungu lenye ganda kavu lisilopasuka, kwa sababu zilizopasuka huwa zimeanza kuchachuka ifikapo jioni. Chumvi wanayotikisia watoto kwenye bakuli iwe kidogo. Unga wa kokwa zake, unaouzwa kama tiba ya kisukari, usichukue nafasi ya dawa za hospitali.

Stroberi za Lushoto, au za Limuru kwa walio Kenya, zina vitamini C karibu miligramu 59 kwa gramu 100. Zingepanda juu kama zisingeharibika haraka hivyo. Geuza kiboksi uangalie chini yake kabla ya kulipa: doa la majimaji maana yake kuna tunda lililopondeka, na ukungu wa moja huwafikia majirani zake kwa siku moja au mbili. Usizioshe mpaka wakati wa kula.

Ubuyu nauweka wa tano kwa masharti. Unga mkavu, wenye rangi ya maziwa na usio na mabonge, una vitamini C nyingi, ingawa kiasi hutofautiana sana kati ya mbuyu na mbuyu. Ule mwekundu uliopikwa kwa sukari na rangi ni peremende, na ununuliwe hivyo, kwa furaha yake.

Bluberi inafuata, si kwa ubaya wa tunda, bali kwa bei yake. Ushahidi wake ni mzuri: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, uliofuatilia wauguzi wanawake wapatao 93,600 kwa miaka 18, uliona kwamba waliokula bluberi na stroberi zaidi ya mara tatu kwa wiki walikuwa na hatari ya mshtuko wa moyo iliyo pungufu kwa karibu theluthi moja. Hata hivyo ulikuwa utafiti wa kufuatilia tu, na walaji wa beri huenda wana mazoea mengine mema. Ukiweza kuzimudu, zile zenye vumbi jeupe kwenye ganda ndizo zilizochumwa karibuni, kwani hiyo ni nta yake ya asili. Zilizogandishwa zinafaa vilevile na huwa nafuu zaidi, ila tikisa pakiti kwanza: matunda yakigongana kama kokoto, chukua, yakiwa bonge moja, umeme ulikatika, yakayeyuka, yakagandishwa upya.

Juisi za boksi zenye picha ya beri ziko karibu na mkia, kwa kuwa katika nyingi kinachotangulia kwenye orodha ya viambato ni maji, sukari au tufaha. Mkiani kabisa viko vidonge vya antioksidanti. Ufini ilifanya jaribio kwa wanaume wavutaji sigara 29,133, na matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliomeza miligramu 20 za beta-karotini, ile rangi ya karoti, kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wale wasioimeza. Anayevuta sigara ndiye mtu wa kwanza anayepaswa kuliacha kopo hilo rafuni.