Miwani ya polaraizi kwa mvuvi: lenzi ya aina gani inunuliwe kwanza

Wengi wanaotafuta miwani ya kuvulia huanza na rangi ya lenzi, wakaja kwenye fremu, wakamalizia na bei. Swali la lenzi yenyewe imetengenezwa kwa kitu gani haliulizwi, na muuzaji naye hana haja ya kulianzisha. Mimi naliweka mbele ya mengine yote. Kwenye bahari yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, kinachomaliza miwani ni chumvi. Maji ya wimbi hurukia lenzi, hukauka kwa dakika chache na kuacha chembe nyeupe. Mvuvi aliyeshika mshipi kwa mkono mmoja hana nafasi ya kutafuta kitambaa laini, kwa hiyo hufuta kwa upindo wa fulana. Mfuto mkavu namna hiyo ni msasa. Kuna lenzi inayovumilia hali hiyo miaka, na kuna inayofifia kabla kaskazi haijaisha, na dukani zote mbili hung'aa sawasawa.

Mpangilio wangu ni wa mvuvi wa chombo cha wazi, iwe boti la faiba, mashua au ngalawa, anayekaa juani tangu asubuhi. Kwake naweka kioo kwanza, kisha zinafuata plastiki za aina mbalimbali: nailoni na Trivex, halafu polikabonati, halafu CR-39, na mwisho TAC. Wako wavuvi ambao kwao mpangilio huu unageuka, nao nitawataja kila nikifika mahali pao.

Kwanza ieleweke polaraizi hufanya nini. Nuru ya jua ikigonga maji na kurudi, mtetemo wake hulala bapa, sambamba na uso wa maji. Ndani ya lenzi kuna utando mwembamba wa plastiki uliovutwa mpaka molekuli zake zikajipanga upande mmoja, kisha ukatiwa iodini au rangi. Utando huo huzuia nuru iliyolala na kupitisha iliyosimama. Mmarekani Edwin Land alibuni utando wa kwanza wa polaraizi mwishoni mwa miaka ya 1920, na kampuni yake ya Polaroid, iliyoanzishwa mwaka 1937, ikaeneza matumizi yake. Mng'ao huzuilika vizuri zaidi pale nuru inapogonga maji kwa pembe ya kama digrii 53 kutoka wima. Kwa sisi tulio karibu na ikweta, jua hupita kimo hicho asubuhi kuelekea saa tatu, na tena alasiri karibu na saa kumi. Ukitazama upande wa jua saa hizo, bahari isiyotazamika kwa macho matupu hufunguka ukaona mwamba, mwani na kivuli cha kolekole kinachopita.

Utando huo unafanana kwa kiasi kikubwa katika miwani ya bei ndogo na ya bei kubwa. Kinachotofautiana ni kitu kinachoubeba.

Kioo

Katika lenzi ya kioo, utando hukaa katikati ya vipande viwili vyembamba vya kioo. Hakuna plastiki inayokaribia kioo kwa kustahimili mikwaruzo, na hiyo peke yake ingetosha kukiweka juu. Lakini kuna na uangavu. Mafundi wa miwani hupima jinsi kitu kinavyotawanya rangi za nuru kwa namba ya Abbe, na namba ikiwa kubwa, picha huwa safi zaidi. Kioo cha kawaida cha miwani kina karibu 58, polikabonati ina 30. Kwa mtu anayetembea mjini tofauti hiyo haina maana. Kwa anayetafuta ndege wanaozamia kundi la jodari kule mbali, huku akitazama kwa pembe ya jicho kupitia ukingo wa lenzi, ina maana kubwa. Pale ukingoni ndipo plastiki yenye namba ndogo huweka kiuzi cha rangi pembeni mwa kila kitu, na jicho huchoka bila mwenyewe kujua kwa nini.

Faida ya tatu husahaulika. Lenzi nyingi za kuvulia zina rangi ya kioo cha kujitazamia kwa nje, buluu au kijani. Katika lenzi za plastiki, rangi hiyo kwa kawaida hupakwa juu, na chumvi huimenya. Watengenezaji wazuri wa lenzi za kioo huifungia ndani, katikati ya vile vipande viwili. Costa, kampuni iliyoanza Florida mwaka 1983 ikiwalenga wavuvi, hufanya hivyo katika lenzi zake za 580G. Herufi G ni ya kioo, na 580P ni lenzi za plastiki za kampuni hiyo hiyo, kwa hiyo soma herufi hiyo kabla ya kulipa. Maui Jim, iliyozaliwa Hawaii mwaka 1980, nayo ina lenzi za kioo chembamba.

Ubaya wake ni uzito, bei na hatari. Kioo kina uzito zaidi ya mara mbili wa polikabonati ya ukubwa ule ule, na kufikia saa saba mchana pua itakuwa imekuambia. Miwani ya kioo ya kampuni hizo huuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 200 za huko, kabla ya usafiri na ushuru. Ikianguka baharini inazama, na ikianguka juu ya nanga inapasuka. Ifunge kamba ya shingoni siku ile ile unayoinunua.

Ninakipa kioo nafasi ya kwanza kwa anayeburura chambo kati ya Watamu na Malindi msimu wa nduaro, anayevua mshipi wa chini akiwa ametia nanga, na nahodha anayesoma maji ili asipande fungu. Anayerusha chambo bandia chenye ndoana za pembe tatu asikichukue. Mshipi ukikatika au ndoana ikimtoka samaki kwa nguvu, chubwi na chuma vinarudi usoni kwa kasi. Tangu mwaka 1972 Marekani inataka lenzi zote za miwani, pamoja na za kioo, zihimili gololi ya chuma yenye kipenyo cha kama sentimita 1.6 iliyoangushwa kutoka sentimita 127. Kioo kilichoimarishwa kinapita kipimo hicho. Chubwi inayorudi kwenye mshipi uliokazwa ni jambo jingine.

Nailoni na Trivex

Hizi ningewapa wavuvi wengi zaidi kama zingepatikana kwa urahisi kwenye maduka yetu. Trivex ilitolewa na kampuni ya PPG ya Marekani mwaka 2001, ikitokana na plastiki iliyofanyiwa kazi kwa madirisha ya vyombo vya kijeshi. Ni nyepesi kuliko polikabonati, namba yake ya Abbe iko karibu 45, na haivunjiki kirahisi. Nailoni ya lenzi iko karibu nayo, nayo ni nyepesi zaidi, kwani uzito wake kwa ujazo ule ule unakaribia ule wa maji. Uvae kutwa, hutaikumbuka.

Mikwaruzo inazipata, ingawa zikipakwa tabaka gumu zinavumilia vizuri. Usichanganye lenzi ya nailoni na fremu ya TR90. TR90 ni nailoni ya fremu, na imechapwa ndani ya mikono ya miwani mingi ya bei ndogo ambayo lenzi zake ni za TAC. Muuzaji akikuonyesha chapa hiyo kama ushahidi wa lenzi nzuri, ujue hajajibu ulichouliza.

Kwa anayevaa miwani ya kupimwa macho na anavua, Trivex ndiyo naiweka ya kwanza, mbele ya kioo. Muulize fundi miwani kama anaweza kuagiza Trivex yenye polaraizi kwa namba zako. Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam wapo wanaoagiza lenzi nje, na jibu likiwa hapana, haikugharimu kitu.

Polikabonati

Plastiki hii iligunduliwa mwaka 1953 na Hermann Schnell wa Bayer kule Ujerumani, na karibu wakati huo huo Daniel Fox wa General Electric akaifikia peke yake Marekani. Ndiyo inayotengenezea miwani ya kujikinga ya mafundi, na sababu ni kwamba inapopigwa hubonyea badala ya kupasuka. Kwa hiyo hapa mpangilio unageuka. Kwa mrushaji wa chambo bandia, kwa mtoto, na kwa yeyote anayesimama nyuma ya mwenzake anayerusha, polikabonati inapanda nafasi ya kwanza. Jicho halina mbadala. Tena plastiki hii yenyewe huzuia karibu mionzi yote ya urujuanimno (UV), ile ya jua isiyoonekana na inayodhuru macho, bila kutegemea rangi yake.

Udhaifu wake ni ule niliouanzia. Polikabonati tupu inakwaruzika kwa urahisi sana, na kinachoiokoa ni tabaka gumu lililopakwa juu. Tabaka likichoka, utaona ukungu katikati ya lenzi, pale pale fulana inapopita. Kemikali nazo huiharibu. Asetoni huilainisha na kuitia nyufa, na mafuta mengi ya kufukuza mbu yana DEET, ambayo hula plastiki za aina mbalimbali. Mvuvi wa Mida anayejipaka kabla ya alfajiri kisha akashika lenzi kwa vidole vilivyolowa atashangaa alama zisizofutika. Petroli ya mashine pia iwekwe mbali. Shika miwani kwa fremu na nawa mikono kwanza.

Kwa wavuvi wa maji baridi, Ziwa Victoria, Tanganyika au Nyasa, hoja yangu kubwa ya kioo inapungua kwa sababu hakuna chumvi. Matone yakikauka huacha kidogo tu. Huko ningenunua polikabonati nzuri bila kusita, na pesa iliyobaki ikanunua boya la kujiokolea.

CR-39

Hii ni plastiki ya zamani yenye heshima yake. Jina limetokana na Columbia Resin, mchanganyiko wa 39, na ilianza karibu mwaka 1940. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, ilitumika katika matangi ya mafuta ya ndege za kivita. Uangavu wake uko sawa na wa kioo, Abbe 58, kwa nusu ya uzito, na inakwaruzika kidogo kuliko polikabonati tupu. Fundi miwani karibu yeyote anaijua na bei yake haitishi. Nimeiweka chini kwa sababu mbili. Ikipigwa kwa nguvu inapasuka, na peke yake haizuii mionzi yote ya urujuanimno, kwa hiyo lazima iwe imetiwa kinga. Anayehitaji miwani ya kupimwa na amekosa Trivex achukue hii na aridhike nayo.

TAC

Hizi ndizo zinazotembezwa na wamachinga Kariakoo na Kongowea, zikiwa na karatasi ndogo imeandikwa TAC Polarized. TAC ni triasetati ya selulosi, karatasi nyembamba za plastiki zilizogandishwa pande mbili za ule utando. Sizidharau. Mng'ao zinauzuia kweli, na kijana anayeanza kuvua akiwa na shilingi mia chache za Kenya mfukoni ataona ndani ya maji kwa mara ya kwanza. Hilo si dogo. Ila ukiziacha juu ya dashibodi zitapinda, zikikaa na chumvi na unyevu tabaka zake zitaachana pembeni, na mikwaruzo inazipata haraka kuliko zote. Zinunuliwe kama kitu cha msimu mmoja.

Kabla ya kulipa

Toka nje ya duka na miwani. Tazama kioo cha mbele cha gari kilichopigwa na jua, kisha laza kichwa begani taratibu. Mng'ao ukizidi na kupungua kadiri unavyolaza kichwa, polaraizi ipo. Skrini za simu nyingi nazo hugiza ukizigeuza mbele ya lenzi yenye polaraizi. Kutambua kioo ni rahisi zaidi, kwa sababu kinakuwa baridi shavuni, kizito mkononi, na ukikigonga taratibu kwa ukucha hutoa mlio mkali kuliko plastiki.

Polaraizi na kinga ya urujuanimno ni vitu viwili. Tafuta maandishi ya UV400, na kama duka la miwani lina mashine ya kupimia, omba ipimwe. Lenzi nyeusi isiyo na kinga hupanua mboni na kuingiza mionzi mingi ndani ya jicho. Wazee wengi wa pwani wana kile kinyama kinachoota kutoka upande wa pua na kuelekea katikati ya jicho. Jua la miaka mingi ni sababu mojawapo kubwa, na linachangia mtoto wa jicho pia. Kwa giza la lenzi, daraja la 3 linatosha bahari yetu, nalo hupitisha asilimia 8 hadi 18 ya nuru. Daraja la 4 lina giza zaidi na halifai kuendeshea gari, basi usirudi nalo barabarani.

Kuhusu rangi sina mengi: kahawia au shaba kwa maji mafupi ya mwambani na kwa maji ya kijani ya ziwani, kijivu kwa maji makuu ya Mkondo wa Pemba.

Lenzi yoyote utakayochagua, beba chupa ndogo ya maji yasiyo na chumvi na umwagie lenzi kabla ya kuifuta. Kagua pia bawaba za fremu. Skrubu za chuma cha kawaida hushika kutu baharini, na fremu ikifunguka ghafla, hata lenzi ya kioo ya dola 200 itakwenda na maji.