Ziara ya magofu ya Pate: binti wa Kibatawi na ukoo wa Nabahani

Mwezi uliopita nilikodi ziara ya siku moja, boti pamoja na mwongozaji, kutoka gati la Lamu hadi magofu ya mji wa Pate. Thamani yake imo katika masimulizi. Akiwa amesimama kando ya ukuta wa mawe ya matumbawe, mwongozaji alitueleza kwamba, kwa mujibu wa Habari za Pate, tarikhi ya kale ya watawala wa mji huo, Suleimani wa ukoo wa Nabahani alifika kutoka Omani mwaka 1204, akamposa binti wa mfalme wa Kibatawi, yaani wa ukoo uliotawala Pate kabla ya Wanabahani, na baada ya fungate ya siku saba mkwewe akamkabidhi ufalme. Akaongeza, kwa uaminifu nilioupenda sana, kwamba wanahistoria wengi huona tarehe hiyo ni ya mapema mno. Kilichonigusa ni kwamba nasaba ya kigeni ilihalalishwa kupitia mwanamke huyo, ilhali masimulizi hayasemi lolote kuhusu alivyohisi.

Dosari ni moja: tulichelewa kuondoka, maji yakaanza kupwa katika mkondo wa Mkanda, na muda wetu magofuni ukapungua. Anayekwenda na aulize kwanza saa za maji kujaa.