Darktable kwenye laptopu ya mtumba: mwaka mmoja wa kuhariri picha, Mwanga Kigoma

Nianze na sababu ya kuhamia Darktable, programu ya bure ya kuhariri picha, la sivyo mtaniona bahili tu. Mimi ni mpiga picha, mwanamke, nina kibanda cha pasipoti hapa Mwanga, lakini ugali wangu hasa unatoka Ujiji, kwenye harusi, upande wa akina mama. Usiku wa hina mwanamume haingii. Naingia mimi na kamera yangu, Canon 600D, kina bibi wameshavua mitandio, wanacheza, wanajua picha zile ni za ndani. Asubuhi yake nilikuwa nafanya nini? Nachukua kadi, nampelekea kijana mmoja mjini aniharirie kwenye kompyuta yake. Siku mama mmoja aliponiuliza, "Mwanangu, hizi picha kaziona nani mwingine?" nikamjibu hakuna. Uongo ule ulinikaa kooni. Zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana pesa iliponifikia mwezi uliofuata, nikaamua kazi ianzie na kuishia chumbani kwangu.

Njia ya mkato nilikuwa nimeshaipita. Fundi aliniwekea Photoshop iliyovunjwa kufuli kwa elfu kumi. Wiki haikuisha, kila flashi niliyochomeka folda zake zote ziligeuka shotikati, na mteja wa pasipoti akaondoka na kirusi mfukoni. Njia ya halali nayo niliipigia hesabu: matoleo mapya ya Photoshop tangu 2013 ni ya kulipia kama kodi ya nyumba, na mpango wao wa wapiga picha wenye hifadhi ya TB 1 ulikuwa dola 19.99 kwa mwezi. Programu ni nzuri, simsemi mtu vibaya. Ila Februari na Machi harusi zikikatika, kodi hiyo ingekuwa inanidai huku mimi nabandika pasipoti mbili kwa siku.

Basi nikanunua hivi. Laptopu ThinkPad T430 ya mtumba, laki nne na ishirini. Ni ya 2012, nene kama tofali, lakini ndiyo inayofunguka kwa bisibisi moja: RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) mbili za GB 8 nikapachika mwenyewe, elfu tisini, diski ya ndani ya SSD ya GB 240, elfu sabini. Juu yake diski mbili za nje za TB 1, laki mbili na sitini zote mbili. Monita nitaieleza mbele, hiyo ina kisa chake. Jumla ilifika milioni moja na elfu sabini, na humo ndani programu ni sifuri. Windows 10 ilikuwa inakaribia mwisho wa masasisho yake, Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali prosesa ya zamani hivyo, kwa hiyo nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Niliipakua usiku kwa bando la usiku. Vile virusi vya shotikati vya kwenye flashi za wateja huku havina kazi, na hilo peke yake lilinitosha.

Sasa Darktable yenyewe. Ni ya bure kabisa, ipo tangu 2009, na jina limeungwa kutoka chumba cha giza cha kusafishia filamu na ile meza ya mwanga ya kuchagulia negativu. Ndivyo ilivyogawanyika hata ndani: upande mmoja wa kuchagua, upande mwingine wa kuhariri. Bonyeza L, uko mezani. Bonyeza D, uko chumbani. Haihitaji akaunti wala intaneti, na haipeleki picha ya mtu popote.

Siku ya kwanza niliichukia. Nilifungua picha za RAW, yaani faili ghafi za kamera, nikaona sura zimepauka, nyeusi zimekuwa kijivu, nikadhani nimeharibu. Aliye na mazoea ya JPEG atashtuka hivyohivyo. JPEG ni dagaa aliyekwisha kukaangwa na kamera. Chumvi imeshaingia, ukitaka kuipunguza huwezi. RAW ni dagaa mbichi kutoka Kibirizi, hana sura wala harufu ya kukuvuta, lakini upishi wote ni wako. Kwa hesabu za mashine, JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi, RAW ya kamera yangu ina 16,384. Tofauti unaiona kwenye kitu kimoja: bibi harusi mweusi wa kung'aa ndani ya shela nyeupe, chini ya taa moja ya tyubu. Kwenye JPEG ukiinua uso, shela inaungua. Kwenye RAW nainua uso taratibu, na maua ya lesi yanabaki yakihesabika.

Kupauka kule siku ya kwanza kumepungua tangu toleo la 5.0 lilipotoka Desemba 2024, kwani limekuja na mitindo ya kuanzia kwa aina zaidi ya 500 za kamera, inayokaribia ile JPEG ya kamera husika. Unachagua, unaanzia hapo badala ya kuanzia jangwani. Angalizo kwa wa Mint: toleo lililomo kwenye hazina yao ya programu huwa limechelewa, chukua la Flatpak, njia nyingine ya kusakinisha programu.

Kazi yangu inakwenda hivi. Nikirudi na kadi yenye picha 900, karibu GB 22, siifuti mpaka iwe imekaa kwenye laptopu na kwenye diski ya kwanza. Halafu meza ya mwanga: R kwa picha ya kutupa, namba moja hadi tano kwa nyota. Nikimaliza, 900 zimekuwa 220. Hapa ndipo muda unapookolewa, si kwenye kuhariri. Natengeneza picha moja ya ukumbini vizuri, nabonyeza Ctrl+C, nazichagua zote za taa ileile, Ctrl+V. Kisha nazipitia moja moja kwa marekebisho madogo.

Chengachenga za picha za mwanga hafifu, zilizopigwa kwa ISO 3200 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga), zina moduli yake, yaani kifaa chake ndani ya programu, inayojua tabia ya kila aina ya kamera kwenye kila ISO, na inafanya kazi safi sana. Ni nzito lakini. Laptopu hii haina kadi ya michoro ya kuisaidia, kwa hiyo kutoa picha 220 ni kama saa nzima, feni inalia kama inataka kupaa. Naiwasha nakwenda kupika. Umeme ukikatika, betri inanisogeza kidogo, na picha zilizokwisha kutoka zinakuwa zimeshakaa kwenye folda. Sisi tuliokulia Kigoma ya majenereta hilo halituumizi kichwa.

Kilichoniumiza ni kioo. Harusi ya kwanza niliyohariri nyumbani nilikaa usiku tatu, nikaona nimetisha. Nikapeleka kusafishwa, nikamkabidhi mama wa bibi harusi albamu. Akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, akanyanyua uso.

"Mwanangu, mbona umemkaanga na mawese?"

Kweli. Mtoto wa watu alikuwa wa rangi ya chungwa kuanzia paji la uso hadi hina. Niliomba radhi, nikarudi nyumbani na picha moja, nikaishika kando ya laptopu. Kioo kilikuwa kinaonyesha kila kitu kwa ubluu, na ukisogeza kichwa kidogo juu au chini rangi inageuka. Ndivyo vilivyo vioo vingi vya laptopu hizi za ofisini. Mimi bila kujua nilikuwa naongeza joto la rangi ili kuua ubluu ambao kwenye picha haukuwepo. Sifuri niliyolipa kwa programu ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kudhani kioo nacho ni cha bure.

Nikaagiza Kariakoo Dell U2412M ya mtumba, inchi 24, kioo cha IPS, kile kisichogeuza rangi ukisogeza kichwa, laki mbili. Ilikuja kwa basi imeviringishwa blanketi kama mtoto mchanga, mzigo elfu kumi na tano. Nikaifungua kwa furaha, nikageuza nyuma kutafuta tundu la HDMI. Halimo! Ina VGA, DVI na DisplayPort. Nilikaa siku tano namtazama mgeni asiyeongea, hadi waya wa elfu kumi na tano wa kutoka DisplayPort ndogo ya laptopu ulipofika. Mkinunua, ulizeni waya kwanza.

Kifaa cha kupimia rangi sina, ni ghali. Nafanya kienyeji: picha moja iliyosafishwa kwenye studio ninayoitumia siku zote naiweka kando ya monita, mchana, dirisha likiwa ubavuni, kisha napunguza mwanga wa monita mpaka karatasi na kioo vifanane. Nilishangaa nilivyoishusha. Kioo kikiwa kikali mno, picha zinatoka za giza, nawe unailaumu studio.

Kingine kilichokaribia kunitoa roho ni mafuvu. Usiku mmoja nilifungua harusi nzima nikakuta kila picha ina alama ya fuvu la kichwa. Mia mbili na zaidi, mafuvu matupu. Kumbe mchana nilihamisha folda kwenda diski ya nje bila kupitia Darktable, nayo inaonyesha fuvu pale inapokosa faili mahali lilipokuwa. Dawa yake ilikuwa dakika mbili: niliingiza folda upya kutoka lilipo, marekebisho yote yakarudi, kwa sababu kando ya kila RAW programu huandika kifaili kidogo cha XMP chenye orodha ya ulichofanya. RAW yenyewe haiguswi. Ila nani aliwaza fuvu? Kwa bibi harusi?

Kasoro nyingine zipo. Moduli ni nyingi kupita kiasi na kadhaa zinafanya jambo moja kwa njia tofauti. Mimi natumia nane tu. Kulainisha ngozi kwa mbofyo mmoja hakuna. Maandishi ya dhahabu, kolaji, majina ya maharusi, hayo yote nayafanya kwenye programu ya GIMP, ambayo nayo ni bure, na sijaipenda bado. Na kama wewe unapiga kwa simu kuweka status, usijitese, Snapseed inakutosha. Picha za wateja msiwatumie WhatsApp kama picha, inazibana. Tuma kama dokumenti.

Diski ya pili inakaa Ujiji kwa shangazi, kwenye sanduku la vitenge vyake, naipeleka kwa bajaji kila baada ya harusi. Hajui kilichomo na hana haja ya kujua.

Yule mama wa mawese alirudi mwezi uliopita, ana binti wa pili. Alikuja na albamu ya zamani ndani ya mkoba, akaiweka kaunta bila kusema neno. RAW zake zote zilikuwepo, na XMP zake. Nikapoza joto la rangi kwenye moja, nikabandika kwa nyingine, nikazisafisha upya kwa gharama yangu. Akazitazama dirishani muda mrefu, akamtambua mtoto wake. Za chungwa nikataka kubaki nazo, akakataa, akazirudisha mkobani.

"Hizi nakwenda kumtania nazo mkwe wangu."