Nilivyorudi kwenye mizani ya vijiwe: uzoefu wangu wa kupima baruti ya .357 Magnum

Nina rivolva moja ya .357 Magnum ambayo huwa naibeba shambani kwa ajili ya nguruwe mwitu, maana huku Texas wamekuwa janga. Risasi za dukani bei yake inauma, kwa hiyo nilijifunza kujaza maganda mwenyewe, jambo ambalo hapa linaruhusiwa. Ndugu zangu mlioko Kenya na Tanzania isomeni hii kama hadithi tu. Huko hakuna kutengeneza risasi nyumbani bila leseni.

Mizani yangu ya kwanza ilikuwa ya betri, ndogo kama simu, namba za buluu, inapendeza. Jina la kiwanda silitaji. Kipimo chetu ni greini, na greini moja ni kama miligramu 65 tu, yaani chembe chache za baruti mezani. Ile mizani ilinionyesha hadi sehemu ya kumi ya greini, nami nikaiamini kwa sababu ilikuwa na namba.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi, nimo gereji. Nimechagua kipimo kilicho nusu greini chini ya kilele, yaani kipimo cha juu kabisa kilichochapishwa, kwa kichwa kile (ile sehemu inayoruka) na baruti ile. Napima, namimina, nafunga kichwa, napima tena. Nilipofika risasi ya 38 nikarudisha sahani tupu juu ya mizani. Inatakiwa isome sifuri. Ikasoma 0.7 chini ya sifuri.

Hesabu mwenyewe. Mizani ilikuwa ikiteleza polepole kadiri gereji inavyopata joto, na kila ilivyoteleza mimi niliongeza baruti kufidia. Zipi zilikuwa salama, zipi zimevuka kilele? Hakuna wa kuniambia, vichwa vimeshafungwa. Nilizing'oa zote 38 kwa ile nyundo ya plastiki ya kung'olea vichwa, bega likaniuma hadi kesho yake.

Wasiojua watauliza, greini 0.7 ina nini? Kwa .357 Magnum presha ya juu inayokubalika ni pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, wakati .38 Special, ambayo kichwa chake ni unene ule ule, inaishia 17,000. Na presha haipandi kwa mstari ulionyooka. Ukikaribia kilele, chembe kidogo inaruka mbali. Rivolva nayo haikuonyi mapema. Ganda likianza kung'ang'ania kwenye silinda, ujue umeshapita ulipopaswa kusimama.

Nikaacha kila kitu, nikatafuta mizani ya vijiwe iliyotumika, RCBS 5-0-5, ile ya zamani iliyotengenezwa na Ohaus. Nimeipata kwa dola 60. Haina waya wala betri. Ni ufito mmoja, vijiwe vitatu na sumaku ya kuutuliza. Marehemu babu alikuwa na duka Tanga, na kabla ya kupima sukari aliigonga sahani kwa kidole, mteja aone inarudi mahali pake. Sasa nami nafanya vivyo hivyo. Kila baada ya risasi kumi naweka jiwe la kupimia ambalo uzito wake naujua, nikiona tofauti nasimama.

Kasoro zipo. Ni ya polepole mno, risasi 50 zinakula jioni yako nzima. Feni ikiwaka ufito unacheza. Kijiwe kisipokaa sawasawa kwenye pengo lake umekosea pakubwa, kwa hiyo nasoma vijiwe vyote vitatu kwa sauti kabla sijaanza. Mke wangu anadhani nasoma dua.

Ila mizani haikuchagulii kipimo. Mimi naanza asilimia 10 chini ya kilele cha jedwali la mtengenezaji wa baruti, nakijaribu kwa risasi tano, ndipo napanda kidogo. Nikibadilisha aina ya kichwa au fataki, ile inayowasha baruti, narudi chini kabisa. Isipokuwa baruti iitwayo H110, na ndugu yake W296, ambazo kwa kweli ni baruti ile ile kwenye makopo mawili. Hizo Hodgdon, kampuni inayoziuza, wenyewe wanaonya zisipunguzwe zaidi ya asilimia 3. Wengi hudhani kidogo ndiyo salama. Kwa baruti hizo kidogo kinaweza kuwaka vibaya, kichwa kikakwama mtutuni, na risasi inayofuata ikaupasua mtutu.

Kwa hatari ya kumimina mara mbili mizani haina msaada wowote. Baruti za kuwaka haraka huchukua nafasi ndogo, na ganda la Magnum ni refu, linameza vipimo viwili bila kulalamika. Ndiyo maana nimehamia baruti ya polepole inayojaza ganda, ukikosea inamwagika mezani. Tena sifungi tena moja moja. Maganda yote 50 yanasimama kwenye kibao, nayamulika kwa tochi, ndipo vichwa.

Msiniulize kipimo changu ni greini ngapi. Bastola yako si yangu.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu alama zake zimeandikwa ndogo, na macho yangu si ya ujana. Ile ya betri mke wangu aliiomba ya kupimia zafarani. Nikamkatalia, imeshakaa na baruti na madini ya risasi muda mrefu, haifai jikoni. Ipo kabatini, betri nimetoa.