Programu za kutenganisha rangi: ipi inaifaa karakana ya fulana ya Dodoma?

Mwenye karakana ya kuchapa fulana jijini Dodoma anayetafuta programu ya kutenganisha rangi atakutana na majina mengi yanayouzwa kwa dola, na karibu kila moja litamwahidi kuigeuza picha yoyote kuwa filamu kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kutenganisha rangi ni kuigawa picha ili kila rangi ya wino iwe na filamu yake, yaani karatasi angavu yenye picha nyeusi inayotumika kutengeneza skrini ya rangi hiyo. Katika tathmini hii nimezilinganisha njia nne: kutenganisha kwa mkono katika CorelDRAW au Inkscape, kutenganisha kwa mkono katika Photoshop, kutumia programu zinazojiendesha kama UltraSeps, T-Seps na Separation Studio, na njia ya bure ya GIMP. Sikuzipima kwa macho ya kiwanda. Nimezipima kwa vifaa ambavyo wengi wetu tunavyo, yaani mashine ya mkono yenye mikono minne au sita (kila mkono hubeba skrini moja), printa ya wino ya A3 aina ya Epson L1300 au L1800, na jua la kuanikia skrini, yaani kuipiga skrini mwanga ili ishike picha ya filamu.

Kabla ya programu yafaa kuzitazama kazi zenyewe. Sehemu kubwa ya oda za hapa ni nembo na maandishi ya rangi moja hadi tatu: fulana za kwaya, za ukoo, za msiba, za timu za mtaa, za washiriki wa maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni, za mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, za semina na mabonanza ya watumishi. Rangi za kazi hizi ni bapa, hazififii wala hazichanganyikani, kwa hiyo hazihitaji programu yoyote ya pekee. CorelDRAW hutosha: kila rangi hupewa hadhi ya rangi maalumu (spot, yaani wino wake wenyewe), kisha katika dirisha la kuchapa huchaguliwa utenganishaji, na kila rangi hutoka kwenye karatasi yake ikiwa na alama za kulandanisha, za kuzipanga filamu zikae sawasawa moja juu ya nyingine. Inkscape haina kitufe cha namna hiyo, lakini haidai malipo, na anayeweka kila rangi kwenye tabaka lake, akaipaka nyeusi na kuongeza alama za pembeni kwa mkono, hupata filamu zilezile. La kuzingatia ni kuziacha rangi zinazopakana zipandiane kidogo, kama pointi moja hivi, ambayo ni takribani milimita 0.35, kwa sababu mashine ya mkono husogea hata fundi awe hodari namna gani.

Ugumu huanza pale mteja anapoleta picha halisi, tuseme kichala cha zabibu chenye umande au sura ya marehemu baba yao, na kutaka ichapwe kwenye fulana nyeusi. Njia inayomjia mtu haraka ni kuigeuza picha kuwa CMYK, yaani rangi nne za uchapaji (samawati, majenta, njano na nyeusi), na kutoa filamu nne. Kwenye fulana nyeupe njia hiyo hufanya kazi kwa kiasi, ingawa rangi ya ngozi hubadilika kwa urahisi mkandamizo wa skwiji, kile kibao cha mpira cha kusukumia wino, unapobadilika. Kwenye fulana nyeusi haifai hata kidogo, kwa kuwa wino za CMYK hupenyeza mwanga na hutegemea weupe ulio chini yake ili zionekane. Ndiyo maana wachapaji hutumia utenganishaji wa kuigiza: huchagua wino chache zisizopenyeza, kwa mfano nyekundu, njano na buluu, huweka nyeupe ya msingi chini yake, huongeza nyeupe ya kung'arisha juu, na kuiacha nyeusi ya kitambaa ifanye kazi ya wino mweusi. Hapo skrini moja imeokolewa.

Kwa maoni yangu nyeupe ya msingi ndiyo kipimo cha kwanza cha programu yoyote ya aina hii, na ndiyo inayosahaulika zaidi katika matangazo. Njia rahisi ya kuitengeneza ni kuigeuza picha kuwa ya kijivu na kuchapa nyeupe kulingana na mng'ao, ili palipo na mwanga mwingi pawe na nyeupe nyingi. Tatizo ni kwamba kompyuta inapogeuza rangi kuwa kijivu kwa namna ya kawaida huihesabu nyekundu safi kuwa na mng'ao wa takribani asilimia 30 tu, na buluu safi takribani asilimia 11. Matokeo yake ni kwamba joho jekundu la mwanakwaya hupewa chini ya theluthi ya nyeupe linayohitaji, na shati la buluu hupewa karibu na sifuri, kisha mchapaji hulaumu wino kwamba umefifia. Utenganishaji mzuri huongeza nyeupe chini ya rangi zilizokolea hata kama ni za giza, huipunguza penye vivuli, na huibana kwa ndani kidogo kwenye kingo ili isichungulie nje ya rangi ya juu.

Katika Photoshop yote haya huwezekana kwa mkono. Mtu huchagua rangi kwa kiwango (Color Range), huigeuza kuwa chaneli ya rangi maalumu, yaani picha ya kijivu ya wino mmoja, huirekebisha kwa zana ya mikunjo (Curves), na huona kwenye skrini ya kompyuta jinsi wino zitakavyolaliana juu ya nyeusi. Ni kazi ya subira, na kwa picha ngumu inaweza kumaliza nusu siku, lakini mwenye kuijua anaamua mwenyewe kama picha itoke kwa skrini nne au sita. Kasoro yake ni gharama: tangu mwaka 2013 Adobe ilipohamia mfumo wa Creative Cloud, matoleo mapya ya Photoshop hukodishwa, hayanunuliwi mara moja, na malipo hutakiwa kwa kadi kila mwezi au mwaka, uwe na oda au usiwe nazo.

UltraSeps na T-Seps ni programu-jalizi, maana yake huishi ndani ya Photoshop na haziwezi kusimama bila hiyo. Anayezinunua analipa mara mbili. Separation Studio yenyewe hujitegemea, na kwa karakana isiyotaka kukodi Photoshop hiyo ni sifa kubwa. Zote tatu hufanya kile zinachodai: hupokea picha, huigawa katika chaneli za rangi pamoja na nyeupe ya msingi na ya kung'arisha, na huiacha ikiwa karibu kukamilika ndani ya dakika chache. Kwa karakana inayopokea picha za namna hii kila wiki, muda unaookolewa hulipa gharama. Hata hivyo utenganishaji wa kujiendesha umezoea kutoa chaneli nyingi kuliko mikono ya mashine zetu, kwa hiyo mtumiaji hubaki na swali la chaneli ipi aifute na zipi aziunganishe. Swali hilo hujibiwa na mtu aliyekwisha kutenganisha kwa mkono. Asiyewahi hufuta kwa kubahatisha, na mara nyingi kinachofutwa ni kijivu kilichokuwa kikishikilia vivuli vya uso. Kwa sababu hiyo simshauri anayeanza kuzinunua, hata kama ana fedha.

GIMP imenipendeza kuliko nilivyotarajia, ingawa si kwa kila kazi. Haina chaneli za rangi maalumu za kuonyesha wino zinavyolaliana, jambo linalofanya utenganishaji wa kuigiza uwe wa kupapasa. Nguvu yake ni utenganishaji wa faharasa: picha hupunguzwa iwe na rangi chache zilizochaguliwa, vijipikseli hutawanywa ili kuyahadaa macho, kisha kila rangi huchaguliwa na kutolewa kama filamu yake. Nukta zote hulingana kwa ukubwa, hakuna pembe za kupanga, na yale mawimbi mabaya yanayotokea nukta zinapogongana na nyuzi za skrini hayana nafasi kubwa. Picha ya pikseli 180 hadi 200 kwa inchi kwenye skrini ya nyuzi 90 kwa sentimita hutoka safi. Ubaya ni kwamba faharasa hupenda rangi sita au zaidi, na mwenye mikono minne ataona chembechembe, hasa usoni. Kwa zabibu, maua na wanyama hakuna atakayelalamika.

Liko jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa sauti ya chini: kutenganisha rangi ni kitu kimoja, na kutengeneza vinukta, yaani nukta kubwa na ndogo zinazoigiza kijivu kwa wino mmoja, ni kingine. Printa za Epson nilizotaja, zikitumia programu ya kawaida iliyokuja nazo, hazigeuzi kijivu kuwa vinukta vya skrini. Hunyunyiza matone madogo ambayo emulsheni, dawa inayopakwa kwenye skrini, haiwezi kuyashika. Kwa picha zenye vivuli, mwenye CorelDRAW au programu ya kutenganisha atahitaji pia programu ya RIP, ile inayotengeneza vinukta wakati wa kuchapa filamu, kama AccuRIP au FilmMaker, na hiyo ni gharama nyingine, kwa hiyo muuzaji aulizwe mapema kama bidhaa yake inatoa vinukta yenyewe. Njia ya kuikwepa gharama hiyo ni kuigawa picha ya Photoshop katika chaneli moja moja na kuigeuza kila moja kuwa ya biti moja (nyeusi na nyeupe tu) yenye vinukta, pembe ikiwa digrii 22.5. GIMP nayo ina kichujio cha karatasi ya gazeti: picha ikiwa na pikseli 720 kwa inchi, kipindi (nafasi toka kinukta hadi kinukta) cha pikseli 16 kinatoa mistari 45 ya vinukta kwa inchi kamili. Baada ya hapo picha isikuzwe wala isipunguzwe wakati wa kuchapa.

Mistari 45 inaendana na skrini ya nyuzi 90 kwa sentimita, ambazo ni takribani 229 kwa inchi, kwa kanuni ya nyuzi tano kwa kila mstari. Kwa anayeanika skrini juani ningependekeza mistari 35 na skrini ya nyuzi 77, kwani jua letu ni kali na kioo kisipoibana filamu barabara, mwanga hupenya pembeni na kuvila vinukta vidogo.

Mimi ningeanza na Inkscape na GIMP, nikaongeza Photoshop pale picha kwenye fulana nyeusi zinapokuwa oda za kila mwezi, na Separation Studio pale tu mashine inapokuwa na mikono sita na fundi anajua tayari nyeupe ya msingi inapaswa kufananaje. Na programu yoyote itakayochaguliwa, karatasi ya tresi inayopita kwenye printa ya leza husinyaa kwa joto. Filamu ya plastiki ni ghali zaidi, lakini kazi ya rangi nne iliyotolewa kwenye tresi haitalandana hata ikitenganishwa na programu ya bei gani. Anayelazimika kutumia tresi aipitishe kwanza kwenye leza ikiwa tupu ili isinyae kabisa, kisha atoe filamu zote za kazi hiyo kwa mkupuo mmoja.